Gari la Bibi Lililotoka Kiangazi Tu

Juzijuzi nilifuatana na mume wangu kwenye yadi moja ya magari hapa Dar es Salaam. Tulikuwa tunatafuta gari la kawaida tu, la kupelekea watoto shule na kubebea gunia la mchele tukitoka nyumbani. Lakini unajua yadi zilivyo: unaingia na shida moja, unatoka na tamaa kumi. Huko nyuma kabisa, chini ya paa la peke yake, walikuwa wamepanga magari ya zamani, yale ya kifahari na ya mashindano ambayo wenye uwezo hununua siku hizi kama wengine wanavyonunua viwanja. Yalikuwa yameng'arishwa mpaka unajiona uso. Na katikati yao, dogo kuliko yote, lilisimama gari la kijani la milango miwili, paa la turubai, pua ndefu, magurudumu ya spoku.

Nikasimama. Mume wangu akaendelea kutembea huku akizungumzia ulaji wa mafuta, mpaka alipogundua kwamba anayemsikiliza ni mlinzi wa getini.

Kijana muuzaji akanijia haraka. "Dada, macho yako yanajua kuchagua," akasema. "Ila hili si la kutembelea. Hili ni la kuwekeza. Unalinunua, unalifunika, unaliacha lipande bei."

"Bibi yangu alikuwa nalo kama hili," nikamwambia. "Alikuwa akibebea maharusi kule kwetu Ifakara, vijiji vya Michenga na Mchombe."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mteja anayedanganya. Hata hivyo akanifungulia mlango nikae. Harufu ya viti vya ngozi, iliyochanganyika na petroli na vumbi la miaka mingi, ikanipanda kichwani. Nikashika usukani, machozi yakanitoka huku nacheka. Kijana wa watu akadhani nimeiona bei.

Basi wewe ambaye hutanidhania mwongo, kaa nikusimulie.

Wazazi wangu walikuwa watumishi wa kuhamishwahamishwa, kwa hiyo nililelewa na bibi mzaa mama, Ifakara, mtaa wa Kibaoni. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ina uwanja mpana uliofagiwa kila asubuhi, na pembeni ya uwanja kulikuwa na banda la makuti lililojengwa vizuri kuliko jiko letu. Ifakara ya wakati ule ilikuwa mji wa baiskeli. Kabla jua halijapanda ungesikia kengele tu, krini krini, watu wakienda shambani, sokoni, hospitali, kanisani. Mgonjwa alipandishwa kwenye baiskeli, mbuzi alipandishwa kwenye baiskeli, na kitanda cha futi tano kwa sita nacho nilikiona kwa macho yangu kikipita juu ya baiskeli. Magari yalikuwa machache: la misheni, la wagonjwa, malori ya mpunga, na gari la bibi.

Gari lile lilifikaje kwetu ni hadithi niliyosimuliwa mara nyingi sana, kila mara ikiwa imenenepa kidogo. Babu alikuwa fundi seremala. Alitoka Mahenge, akavuka mto kwa pantoni na sanduku lake la vifaa kichwani, akaanza maisha Kibaoni. Siku hizo alikuwapo Mzungu mmoja mtaalamu wa misitu, aliyekuja kuihesabu mivule na mininga yetu. Bwana huyo alikuja na gari la michezo kutoka kwao Uingereza, gari lililotengenezwa kwa barabara laini kama meza, akalileta kwenye bonde ambalo masika hata bata hufikiria kabla ya kutoka. Msimu wa kwanza tu springi zikakatika. Likalala mbele ya nyumba yake, na kuku wakalipenda mno.

Mzungu alipokaribia kurudi kwao alitaka makabati ya mvule ya kuondoka nayo. Babu akamtengenezea, tena yenye nakshi, na alipoulizwa bei akanyoosha kidole kuelekea kwenye lile gari bovu. Mtaa mzima ulimcheka. Walisema fundi amepigwa jua. Yeye akalikokota hadi nyumbani, akaanza kulitibu polepole. Springi zilitoka kwenye gari la misheni lililokwisha kufa. Viti vilishonwa na fundi viatu. Spoku zilinyooshwa na fundi baiskeli wa sokoni, ambaye alisema gurudumu ni gurudumu, liwe la nani. Ubao wa mbele, ule wenye saa za mwendo na mafuta, babu aliuchonga mwenyewe kwa mninga. Siku lilipowaka, nusu ya Ifakara ilikuwa na mkono wake ndani ya gari lile.

Akaliita Mgeni. Na akamfundisha bibi kuliendesha, jioni jioni, kwenye uwanja wa mpira. Watu waliuliza, mwanamke na gari wapi na wapi? Babu akawajibu kwamba mwanamke aliyemudu mafiga matatu na watoto sita hashindwi na pedali tatu.

Mimi sikumkuta babu. Alifariki kabla sijazaliwa, na ndugu wakamshauri mjane auze lile gari, kwani lingemfaa nini? Bibi alikuwa mtu wa kujibu kwa methali pale alipochoka kubishana. Akasema: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Na jembe alilompa Mgeni lilikuwa harusi.

Lakini uelewe kwamba gari lile lilikuwa na msimu wake, kama ndege wahamao. Mvua zikianza kushika, bibi aliliingiza bandani. Magurudumu yalivuliwa na kuninginizwa darini chumbani kwetu, gari likapandishwa juu ya magogo, betri ikapelekwa kwa jirani mwenye redio. Miezi yote ya masika nililala nikitazama zile spoku juu yangu, mvua ikipiga bati, vyura wakiimba mabondeni kana kwamba wamelipwa. Hakuna aliyemgusa Mgeni. Bonde lilikuwa maji, mpunga ulikuwa unakua, na barabara ilikuwa neno tu.

Kisha kiangazi kilikuja. Mavuno yaliingia, nyumba zikanuka mpunga mpya, akina mama wakaanza kutwanga pepeta. Kama hujawahi kula pepeta, nakuhurumia: ni mpunga mchanga unaokaangwa ungali na ubichi wake, ukatwangwa ukawa bapa, mtamu hata bila sukari. Asubuhi mojawapo bibi angetoka nje ya uwanja pekupeku, akakanyaga barabara kwa kisigino, akazungusha mguu, akatazama. Sisi watoto tulishika pumzi. "Bado," angesema, na tungerudi ndani kama watu waliofiwa. Siku aliposema "Imekauka," kelele zetu zilisikika mpaka sokoni.

Siku ya kumwamsha Mgeni ilikuwa sikukuu ndogo. Kwanza ilibidi kumtoa kuku aliyekuwa ameatamia kwenye kiti cha abiria, na huyo alitoka kwa matusi. Fundi baiskeli alikuja kukagua spoku zake. Hakuwahi kuacha kuziita zake. Mimi kazi yangu ilikuwa kusugua spoku hizo moja moja kwa kitambaa, kazi isiyokwisha, huku mdomo umejaa pepeta. Jirani alirudisha betri. Bibi alikaa kwenye usukani, akafanya ishara ya msalaba, akavuta kitu fulani, na sisi tukasukuma. Mgeni alikohoa. Akatoa moshi mweusi kama wa tanuri la matofali. Akakohoa tena, halafu akanguruma, na ngurumo ile ilitushika tumboni. Wanakwaya waliokuwa wakipita kwenda mazoezini walipiga vigelegele.

Tangu siku hiyo hadi mvua kurudi, hapakuwa na Jumamosi tupu. Bwana harusi alileta petroli kwenye galoni na jogoo mmoja wa shukrani, basi. Gari lilikuwa na viti viwili tu: bibi kimoja, bibi harusi kimoja. Mimi nilikaa nyuma ya viti, juu ya turubai lililokunjwa, nimeshika shela lisiingie kwenye gurudumu. Bibi alivaa kitenge kipya, kilemba, na miwani ya babu. Bwana harusi na mpambe wake walifuata kwa baiskeli wakila vumbi. Bibi alisema ni vizuri walile mapema, wajue nani yuko mbele.

Harusi nyingi zimechanganyikana kichwani mwangu, lakini ipo moja ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo nitaikumbuka.

Aliyeolewa alikuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu. Kwao ni Michenga, kule mbugani, na baba yake alikuwa mkulima wa mpunga aliyejulikana kwa mambo mawili, bidii na hasira. Jirani yake wa shamba alikuwa mzee wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Msimu ule ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa baba yake mwalimu, wakala, wakakanyaga, wakalala. Kesi ilifika ofisi ya kijiji, na wazee hao wawili walikataa hata kukaa benchi moja. Mmoja aliitwa mwizi wa mashamba, mwingine akaitwa mchoyo wa majani ya Mungu. Hawakusalimiana tena.

Bwana harusi alikuwa nesi aliyepangiwa kazi mbali, na Jumatatu ilimpasa awe safarini. Harusi ilikwisha kuahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba. Na padri naye alikuwa ametangaza kwamba ana safari ya kigango kule upande wa Mchombe mchana ule ule, hangoji mtu. Kwa hiyo ilikuwa siku ile au isijulikane lini.

Mvua ikanyesha. Katikati ya kiangazi, mvua isiyo na adabu, kubwa, ya alfajiri nzima. Bibi alisimama mlangoni akaitazama kama anayemtazama mkwe mlevi. Halafu akasema, "Nimeahidi," akawasha gari.

Kwenda tulifika, sijui kwa rehema ya nani. Tulimkuta mwalimu amekwisha kupambwa, mweupe kama ua la mpunga, akina shangazi wanaimba, na tukampakia. Kurudi ndipo mambo yalipoharibika. Pale penye udongo mweusi, nje kidogo ya kijiji, Mgeni aliteleza, akageuza pua, akazama. Alizama taratibu, kwa heshima, mpaka tumbo likakaa juu ya matope kama kiboko aliyepumzika. Maji yakaingia, injini ikazimika.

Baba yake na wajomba, waliokuwa wakitufuata nyuma, walitufikia; wajomba wakavua viatu vya harusi, wakasukuma. Kila waliposukuma gari lilizidi kushuka. Jua lilikuwa linapanda. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kile ambacho wote tulikuwa tunakifikiria: yule mzee wa ng'ombe ana maksai wa kulimia, na minyororo.

"Bora harusi ife," akasema baba yake mwalimu. "Mimi simwombi yule chochote."

Bibi alikuwa bado ameshika usukani, tope limefika mlangoni. Akageuka. "Kwani unayeolewa ni wewe?"

Hakuna aliyethubutu kucheka.  Mwalimu wangu alikuwa amekaa, mikono mapajani. Sasa akaniita kwa jina, kwa sauti ile ile ya darasani inayonyoosha mgongo.

"Nenda kwa mzee wa ng'ombe. Mpe shikamoo vizuri, usihemeheme mbele yake. Mwambie anayeomba ni mimi."

Nilikimbia. Nilianguka mara ngapi sijui. Nilifika nikiwa na rangi moja na barabara. Mzee alikuwa amekaa mbele ya boma lake na kibuyu cha maziwa, shuka begani, kofia ya kitambaa kichwani. Nikatulia, nikavuta pumzi kama nilivyoagizwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unatoka kuchimba kisima?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipotaja baba wa bibi harusi, uso wake ulijifunga kama mlango.

"Na huyo anayeolewa ni mwalimu wa wapi?"

Nikamtajia shule, nikamwambia ni wa darasa la tatu.

Akaweka kibuyu chini. Binti yake alikuwa darasani kwetu. Nadhani hilo lilikuwa halijanijia akilini kabisa mpaka dakika ile. Alipoanza shule watoto walikuwa wanaigiza anavyotamka maneno, wanamwita Ng'ombe. Siku moja mwalimu aliwasimamisha wote, akamtaka kila mmoja atamke jina la yule binti, jina lake kamili la Kisukuma, mpaka alitamke sawasawa. Ilichukua kipindi kizima cha hesabu. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliohangaika na ile "ng'wa" ya mwanzo.

"Baba yake ananiita mwizi," mzee akasema, akiinuka. "Yeye anamwita mwanangu kwa jina lake." Akapaza sauti kwa Kisukuma, na vijana wakatoka na maksai wanne wenye pembe za kuogopesha, na yule binti wa darasani kwetu akatangulia mbele yao na fimbo, akinitazama kwa fahari ambayo hata leo naiona.

Tulipofika, watu walipisha. Wazee wawili wakatazamana. Vyura tu ndio walioendelea na mazungumzo. Bibi akasalimia kutoka kwenye usukani, kwa Kisukuma alichookota sokoni: "Mwangaluka!"

Matamshi yake yalikuwa mabaya kiasi kwamba mzee wa watu alishindwa kujizuia, akacheka mpaka kofia ikasogea. "Mwangaluka, mama. Umeegesha vibaya."

Wakafunga mnyororo. Maksai wakavuta, mnyororo ukakaza, Mgeni akatikisika lakini hakutoka. "Nyuma panahitaji kuinuliwa," mzee akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Baba yake mwalimu alisimama pale na suti yake ya harusi, suti ya pekee aliyokuwa nayo. Akaikunja suruali mara moja, mara mbili, akaona haisaidii. Akaingia kwenye tope mpaka magotini, akainama, akashika nyuma ya gari. Mzee akamtazama, akavua shuka lake akampa binti yake, akaingia upande wa pili. "Hesabu wewe," akasema. Yule baba akahesabu. Walipofika tatu, Mgeni alitoka kwenye tope kwa mlio ambao shangazi mmoja aliushangilia kwa kigelegele, ingawa haukuwa mlio wa heshima.

Injini ilikataa kabisa kuwaka. Basi mwalimu wangu aliolewa kwa gari la kifahari linalovutwa na ng'ombe. Bibi alishika usukani kama kawaida, akipiga honi kila kona, maana honi ilikuwa nzima. Bwana harusi, aliyekuwa ametangulia na kurudi kutafuta mke, alitukuta njiani, akashuka kwenye baiskeli akatazama, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Tulipoingia mjini, baiskeli zilijipanga nyuma yetu, kengele zikilia. Mbele ya kanisa padri alikuwa amesimama na kofia yake ya safari kichwani. Aliangalia saa. Akaangalia maksai. Akavua kofia.

"Magari nimebariki mengi," akasema. "Leo naanza na ng'ombe."

Jioni karamuni kulikuwa na wali wa mpunga mpya, kambale wa kukaushwa aliyepikwa kwa karanga, na togwa ya kuogea. Nilimwona baba yake mwalimu akibeba kiti mwenyewe, akakiweka kando ya chake, akaenda kumshika mzee mkono. Waliyozungumza hatukuyasikia, muziki ulikuwa juu. Ila wiki zilizofuata walionekana wawili hao, kila mmoja na panga lake, wakifyeka njia ya kupitishia ng'ombe kandokando ya mashamba yao. Sikudanganyi kwamba ugomvi wa wakulima na wafugaji uliisha bondeni. Hapo penye mpaka wao tu ndipo ulipoisha, na watu walipita wakapatazama.

Miaka ikaenda. Nikaingia sekondari, nikaanza kuona haya kukaa nyuma ya viti, kisha nikaona haya kwamba niliona haya. Bibi macho yakaanza kumpungua. Siku moja alitoka na kilemba kichwani, akasimamisha gari kumsalimia padri, na padri akawa ni kanzu iliyokuwa imeanikwa uani kwa watu. Akarudi nyumbani, akazima injini, akakaa ndani ya gari muda mrefu. Alipotoka alimwambia mjomba, "Andika kibao."

Mjomba akaandika GARI LINAUZWA juu ya ubao, akausimamisha barabarani.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mmoja kutoka mjini, miwani myeusi, funguo zinazungushwa kidoleni. Alimpita bibi bila shikamoo, akapiga teke gurudumu. Akasema atang'oa injini, abaki na bodi, aiweke juu ya paa la baa yake iwe pambo. Alitaja bei ambayo ilimfanya mjomba ashike ukuta. Bibi akamwambia kibao kimekosewa.

"Kimekosewa vipi, mama?"

"Tulitaka kuandika GARI HALIUZWI. Mwanangu huyu hakusoma sana."

Mjomba, ambaye alikuwa mwalimu mkuu, akaitikia kwa kichwa.

Wakaja wengine, mmoja akitaka magurudumu tu, mwingine akitaka vyuma. Kisha siku moja akashuka kwenye basi mzee wa Kihindi kutoka Morogoro, fundi magari aliyestaafu, amefuatana na binti yake. Akatoa shikamoo ingawa huenda walikuwa rika moja. Akaliona gari kwa mbali, akasimama, akavua viatu. Sijui kwa nini alivua viatu. Na yeye nadhani hakujua. Akalala chali chini ya gari na shati lake jeupe, na kutoka huko chini tukasikia akiongea peke yake, "Ah. Ah. Nani alifanya hivi? Vizuri. Vizuri sana." Alipofika kwenye ule ubao wa mninga aliupapasa kimya.

"Mtalifanyia nini?" bibi akauliza.

"Nitaliendesha, mama. Mpaka mmoja wetu ashindwe."

Bibi akataka kwanza aliendeshe yeye mara ya mwisho, abiria awe huyo mzee. Sote tulijua hali ya macho yake. Ikabidi nitangulie kwa baiskeli, nikipiga kengele na kupiga kelele, "Pisheni! Bibi anakuja!" Akina mama walibeba watoto, wauza nyanya wakakumbatia mafungu yao. Nilipogeuka nyuma niliona kilemba cha bibi, miwani ya babu, na kando yake mzee wa watu ameshika mlango kwa mikono miwili, akicheka huku anasali. Hakuna aliyegongwa, isipokuwa fungu moja la ndizi, na hilo lililipwa kwa msamaha.

Mimi nililia walipoondoka. Bibi hakulia. Alifagia banda, akamwaga maji kutuliza vumbi, akasimama mlangoni.

"Mgeni ameaga vizuri," akasema. "Kuna wanaokaa kwako maisha yote wasiage."

Banda likawa la mpunga. Fedha ya gari ilinunua mashine ya kukoboa, na mashine hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi na binamu zangu. Kwa hiyo ukiniona nimevaa viatu vizuri, ujue vimetokana na injini ya Kiingereza. Bibi aliishi kuona mambo mengi. Alifariki wakati wa kiangazi, usingizini, mchana, mikeka ya mpunga ikiwa imetandazwa nje.

Sasa ukienda Ifakara unateleza tu. Lami imefika, pantoni imestaafu, daraja limesimama juu ya mto, na maharusi hupambiwa magari meupe ya kukodi yenye utepe, hata Aprili, hata mvua inyeshe mawe. Mimi ni mmoja wa walioshangilia lami ile. Nimepita nikiwa na mtoto mgonjwa kwenye majira ambayo zamani tungemzika njiani, kwa hiyo usinitegemee niilaani.

Lakini kuna kitu kilichoondoka nacho sijui nikiite nini. Pengine ni kule kungoja. Mji mzima, walimu, mafundi, padri, walioposwa na waliokataliwa, wote tulikuwa na jambo moja tusiloweza kuliharakisha kwa fedha wala kwa hasira. Tulikaa barazani, tukatafuna pepeta, tukasikiliza maji yakiondoka mashambani kidogo kidogo. Hakuna aliyetutangulia na hakuna aliyeachwa nyuma. Siku hizi kila mtu Ifakara anaondoka saa anayotaka. Ni raha kubwa. Ila sijapata tena kusikia mtaa mzima ukipiga kelele ya furaha kwa sababu tu ardhi imekauka.